Kofia ya bibi, nimeitoa kitambaa

Bibi yangu alikuwa akishona kofia barazani kwetu Ng'ambo, Zanzibar, na ninachokumbuka zaidi si kofia zenyewe, ni mlio. Ncha ya shazia, ile sindano nene, inaingia kwenye kitambaa kilichotiwa wanga, tup. Halafu kimya, dakika mbili tatu za sindano kwenda na kurudi. Halafu tup tena. Kila tup ilikuwa tundu moja, kiua kimoja, na kofia ya viua ya maana ina mamia ya hivyo kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe, ilikuwa inamaliza miezi, leo anaishika kesho anaiweka, wageni wakija anaichomeka chini ya paja wasiione kabla haijaisha. Mie kazi yangu ilikuwa moja tu, kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho yalishaanza kwenda.

Sasa hivi nakaa Antwerp, Ubelgiji, mwaka wa tisa huu. Napunguza suruali na kubadilisha zipu za watu, cherehani iko dirishani inatazama kituo cha tramu. Na miaka yote hiyo haikunipitia akilini kwamba kazi ya bibi ina ndugu huku, mpaka nilipojiingiza kwenye kimia.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Siku hizi kila mtu anasema lesi, na lesi kwa mtu wa Kariakoo ni kile kitambaa cha gauni la harusi, la send-off, la kitchen party, unapimiwa kwa yadi na muuzaji anakuapia kwamba ni orijino. Wengine wanaichanganya na leso, ambayo ni kanga, neno tulilolichukua kwa Wareno, hazina uhusiano wowote. Wazee wetu walikuwa na neno lao, kimia, na hilohilo ndo jina la wavu wa kurusha wa mvuvi. Mie naona hakuna neno lililokaa vizuri kama hili. Linakwambia kitu chenyewe ni nini: matundu yaliyoshikwa na uzi.

Mwishoni mwa 2021, bado tuko na barakoa usoni, makumbusho ya mitindo ya hapa, MoMu, yalikuwa yamefunguliwa upya baada ya ukarabati na wakaweka maonyesho ya kimia yaliyotawanywa sehemu tano za mji, wakayaita P.LACE.S. Niliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nina kadi ya punguzo, nisiwadanganye. Humo ndani kimia cha karne ya 17 kimelazwa kwenye kioo, cheupe kama povu la bahari, na jirani yake nguo za wabunifu wa sasa, vitu vilivyokatwa kwa leza, vitu vilivyoprintiwa kwa 3D. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunizungukazunguka.

Nikafuata ramani sehemu nyingine. Kule Plantin-Moretus, nyumba ya mchapishaji vitabu maarufu wa karne ya 16, nikakuta habari za mabinti wa Christophe Plantin waliokuwa wanafanya biashara ya kimia na Paris, wasichana wa mjini hasa, wana barua na hesabu zao. Halafu ukitembea kidogo unafika Maagdenhuis, iliyokuwa nyumba ya wasichana yatima, na hao nao walikuwa kwenye biashara hiyohiyo ya kimia, ila wao upande wa vidole. Majina ya mabinti wa Plantin tunayo. Ya mayatima, nani alihangaika kuyaandika chini ya kola aliyoitengeneza. Hili nitalirudia baadaye maana linaniuma.

Nikatafuta darasa. Kuna kikundi cha akina mama hapa mtaani, wengi wastaafu, wanakutana Alhamisi jioni, na mwalimu ni bi mkubwa mmoja ana miaka themanini hivi, anavaa miwani miwili kwa pamoja. Kila mtu na mto wake mgumu, juu ya mto karatasi nene yenye mchoro uliotobolewa vitundu, na bobini za mbao, yaani vijiti vya kuzungushia uzi, zinaning'inia jozi jozi kama vile mtu ameanika vijiti. Kazi inaanza na bobini nne mkononi. Na hatua ziko mbili tu, hakuna ya tatu. Ya kwanza unapitisha: bobini ya pili inapanda juu ya ya tatu. Ya pili unapinda: katika kila jozi, ya kulia inapanda juu ya ya kushoto. Basi. Nyuzi zikifika mahali pake unachomeka pini kwenye kitundu ili zisirudi nyuma, unasonga mbele. Bi mkubwa anapita nyuma yetu anaimba kwa Kiflemi, draai, kruis, draai, kruis, yaani pinda, pitisha, pinda, pitisha, na kila kimia cha bobini ulichowahi kukiona, hata kile cha mamia ya bobini kwenye mto mmoja, ni hatua hizo mbili tu zikijirudia.

Mie niliyekua nasuka ukili na kusukwa nywele kila Ijumaa, vidole vilielewa kabla kichwa hakijaelewa. Bi mkubwa akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia mkeka. Hakuelewa, na mie sikuwa na Kiflemi cha kutosha kumweleza, tukaendelea.

(Kwa wapenda hesabu: kuna mwanasayansi wa kompyuta wa Kanada, Veronika Irvine, alifanya udaktari wake Chuo Kikuu cha Victoria, 2016, juu ya hisabati ya hatua hizo mbili. Programu yake ikawa inatafuta yenyewe namna nyuzi zinavyoweza kupishana, ikatoa michoro mipya ambayo mtu mwenye mto na bobini anaweza kukaa akaitengeneza. Kimya kimya tu, bila jukwaa wala taa za paparazi. Mie naona huo ni ubunifu mkubwa kuliko magauni mengi ninayoyaona yanaitwa ya majaribio.)

Sasa siku iliyonibadilisha ni siku ya kung'oa pini. Kipande changu kilikuwa kama sentimita kumi na mbili, kimepinda kidogo upande mmoja kama ndizi, na bi mkubwa akasema toa pini. Zote? Zote. Nikang'oa moja moja nimeshikilia pumzi, nikijua kabisa kwamba vitu vyote hivi vitamwagika. Havikumwagika. Nikakinyanyua, kimejishika chenyewe, hakuna mto, hakuna pini, hakuna karatasi, kuna uzi na hewa.

Tangu siku hiyo nina nadharia yangu na nimeshawachosha nayo watu wa nyumbani. Kimia chochote kinatengenezwa juu ya kitu ambacho mwishoni kinaondolewa. Ukitaka kujua historia ya kimia usiangalie maua, angalia kimeondolewa nini.

Anza Venice, karne ya 16. Mafundi walikuwa wanadarizi kitani, halafu wakaanza kukata na kuchomoa nyuzi za kitambaa, matundu yakawa makubwa, makubwa zaidi, mpaka ikafika siku kitambaa chote kimeisha na mshono umebaki. Wakaiita punto in aria, mshono hewani. Kwa vitendo ni hivi: unaweka ngozi laini yenye mchoro juu ya vitambaa viwili, unabana uzi mmoja kufuata mistari ya mchoro, halafu kazi yote inayofuata unaiegemeza kwenye uzi huo tu, usiguse kitambaa. Ukimaliza unapitisha ncha kali katikati ya vile vitambaa viwili, unakata vibano, kimia kinajitoa kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Na mshono wenyewe unaojaza humo ndani ni nini? Ni ule wa tundu la kifungo cha shati! Uleule ambao bibi alikuwa anauzungusha kwenye kila kiua. Niliposhika hilo nilikaa chini.

Wafaransa walivyoona fedha zinakwenda Venice, Colbert, waziri wa Louis wa 14, akaanzisha viwanda vya kifalme vya kimia mwaka 1665, na mji wa Alençon wanakifanya mpaka leo. UNESCO waliwaingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2010, na wanasema sentimita moja ya mraba inakula saa 7. Moja! Kucha ya kidole gumba hiyo. Na kujifunza kazi yote mpaka uive ni miaka 7 hadi 10.

Halafu mashine. John Heathcoat, Mwingereza, 1809 hivi, akapata mashine ya kusuka wavu bila mto wala pini, na mwaka 1816 watu wenye hasira wakaingia kiwandani kwake Loughborough usiku wakavunja mashine 55. Yeye akahamishia kiwanda Tiverton. Sitaki kuingia sana huko, kila mtu anaijua hadithi ya mashine na mikono.

Inayonivutia mie ni Uswisi, St. Gallen. Mwaka 1863 Isaak Gröbli akabuni mashine ya kudarizi kwa sindano nyingi kwa mpigo, na ilipofika miaka ya 1880 mafundi wa kule na wenzao wa Saxony, Ujerumani, wakaja na ujanja: darizi kwa pamba juu ya kitambaa cha hariri, halafu tumbukiza kwenye dawa inayokula hariri na kuiacha pamba. Kitambaa kinayeyuka, maua yanabaki. Ile lesi nzito ya maua isiyo na kitambaa nyuma, inayokufanya ununue petikoti bila kutaka, ndo hiyo, siku hizi tu wanatumia kitu kinachoyeyuka kwa maji. Tangu miaka ya 1960 Waaustria wa huko jirani, Lustenau na viunga vyake, wamewashonea Wanaijeria lesi mpaka Ulaya wenyewe wakaiita lesi ya Kiafrika. Kwa hiyo shangazi akikwambia amevaa lesi ya Naija, mcheke kidogo, lakini kimoyomoyo.

Tuje kwenye wabunifu wa sasa. Iris van Herpen wa Uholanzi, Januari 2013 Paris, onyesho aliloliita Voltage. Kulikuwa na gauni jeusi alilofanya na Julia Koerner, msanifu majengo kutoka Austria, likaprintiwa na Materialise, kampuni ya hapahapa Ubelgiji, kwa plastiki laini inayonyumbuka kama mpira. Ukilitazama utasema kimia, limejaa mikunjo na vitundu mpaka macho yanachoka. Na namna lilivyotengenezwa ndo inayonifurahisha: unga wa plastiki unatandazwa tabaka jembamba, leza inapita inagandisha pale panapotakiwa tu, tabaka jingine, leza tena, na unga ambao haukuguswa ndo unaoishikilia kazi isianguke. Mwishoni unakung'uta unga. Umeona? Mto, ngozi, hariri, unga. Kitu kilekile. Ni mjomba na mpwa.

Koerner huyohuyo na Materialise haohao ndo waliomfanyia Ruth Carter, mbunifu wa mavazi, lile taji na vazi la mabegani la Malkia Ramonda kwenye filamu ya Black Panther ya 2018, taji lenye umbo la isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu. Watu walimsifia mwigizaji, mie nilikuwa naangalia mabega.

Lakini ukiniuliza hilo gauni la 3D ni kimia kweli nitakujibu nusu nusu. Kwenye kimia cha uzi kila kitu kinatelezateleza kidogo, ukikivuta huku kinajibu kule, kikikatika unakiunga. Kilichoprintiwa ni kipande kimoja kilichoganda, kikivunjika kimevunjika. Uzi una subira yake bwana. Ingawa nikisema subira ninamkumbuka Danit Peleg wa Israel, mwaka 2015 aliprinti mavazi yake yote ya kumalizia chuo kwa printa ndogo za nyumbani, vipande vyenye matundu kama kimia, na zilimla zaidi ya saa 2000. Nilicheka sana niliposoma. Hata mashine imefundishwa adabu.

Basi na mie nikajitia ubunifu. Wazo lilikuwa rahisi: kofia ya bibi imesimama pale Venice iliposimama kabla ya kukata kitambaa. Matundu yapo, mshono upo, kitambaa bado kipo. Je nikikitoa? Kofia ya viua vitupu, viua hewani.

Nikanunua ile plastiki nyembamba ya kudarizia inayoyeyuka kwenye maji, nikaibana kwenye fremu, nikachora ule ukanda wa pembeni kwa kukumbuka tu, maana kofia ya bibi iko Zanzibar kabatini kwa mama. Nikashona majira yote ya baridi baada ya kufunga duka. Viua mia na arobaini na kitu. Vizuri wallahi, mviringo, vimebana, bibi asingenisonya. Alhamisi moja nikatia kwenye mfuko wa kitambaa nikaenda kumwonyesha bi mkubwa, na mtu yeyote aliyewahi kuishi Antwerp ameshajua kilichofuata. Si mvua ya maana hata, ule unyevu wao wa kijinga ambao hauamui kama ni mvua au ukungu. Nilipofika nikaingiza mkono kwenye mfuko nikagusa kitu kama kamasi. Plastiki imeyeyuka nusu, imegandana na bitana ya mfuko, na viua vyangu vimetawanyika humo ndani kama vipete vya mwanasesere, kila kimoja peke yake.

Nililia kidogo chooni, kisha nikarudi. Bi mkubwa alikuwa ameshavitandaza mezani, anavihesabu. Akaniuliza kwa upole, ungeviosha vizuri nyumbani kwako, bila mvua, vingeshikana na nini? Nikafungua mdomo nikafunga. Alikuwa na haki. Kiua cha bibi hakimjui jirani yake, kinachowaunganisha ni kitambaa, na mie nilikuwa nimeondoa kitambaa bila kuweka kitu badala yake. Mvua ilinipa tu taarifa mapema.

Ikawa kazi ni kuunganisha. Kwenye kimia cha sindano wanaweka vijidaraja vya uzi kati ya ua na ua, nikajaribu, vinateleza, kofia inakuwa na upande uliolegea. Usiku mmoja nikawaza, ngoja, kimia. Nikampigia mjomba Nungwi, mvuvi wa maisha yote, video call, nikamwomba anionyeshe polepole lile fundo la kwenye jicho la wavu.

Akanitazama. "Weye umekwenda Ulaya kufuma nyavu?"

Lakini alinionyesha, simu imeegemezwa kwenye ndoo, mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananikaripia kabisa kwamba navuta kabla uzi haujalala. Fundo la mjomba halitelezi. Kila kiua nikakifunga kwa majirani wawili, pembeni kwa watatu, na mwezi wa nne nikaizamisha kofia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nikaona plastiki inaondoka kama ukungu na kofia imebaki inaelea. Niliivisha kwenye bakuli ikaukia hapo.

Picha zikasambaa kidogo, na studio moja ndogo ya mavazi ikanitafuta. Vijana wazuri, kahawa nzuri. Wakauliza inachukua muda gani, nikawaambia ukweli. Wakatazamana, halafu mmoja akauliza kama mchoro naweza kuwatumia kwenye faili wakate kwa leza kwenye poliesta, maana leza inayeyusha ukingo wa tundu, haufumuki, hauhitaji kushonwa. Kiufundi hakukosea hata kidogo. Nikauliza jina la nani litaandikwa. Akasema la studio, kwa kawaida ndivyo inavyokwenda. Nikawakumbuka wale wasichana wa Maagdenhuis, nikamaliza kahawa yangu, faili sikutuma. Sina neno na leza. Kuna wanaoifanyia mambo makubwa. Ila tundu la leza ni kitu kilichokatwa, na kiua ni kitu kilichojengwa, ukivilipa bei moja na kuviita jina moja umeniibia mara mbili.

Kule nyumbani nako sikupata makofi. Mama alirudisha voisi ya dakika nne kwenye WhatsApp, dakika tatu ni habari za bei ya mchele. Mwishoni akasema kofia ni nzuri mashallah, kazi safi, lakini mwanangu jua litapita moja kwa moja, na mwanamume gani atakwenda nayo msikitini watu wote wanaona kichwa. Shangazi yeye aliandika neno moja tu: itie bitana.

Kuna kitu kingine hakuna aliyekigusa, nimekigundua mwenyewe. Ile plastiki haina mlio. Unaitoboa inakubali tu, kimya, kama siagi. Miezi yote ile nilikuwa nashona na kuna kitu kinanikera sikijui ni nini.

Kwa hiyo sasa nafanya ya tatu, kwa njia ya Alençon. Vitambaa viwili vya pamba, mchoro juu, nitakata katikati mwishoni, hata ikinichukua mpaka mwakani. Jumamosi nimepika wanga wa muhogo mwenyewe, nikapaka, nikaanika kwenye redieta, nikapiga pasi mpaka kitambaa kikawa kigumu kama karatasi ya boksi. Mama amenitumia shazia ya bibi kwa mtu aliyekuwa anakuja Brussels. Nikakaa dirishani.

Tup.

Viua kumi na saba mpaka jana usiku.